Pampu ya Broad Street: walijuaje kuwa ni maji?

Swali: Shikamoo Daktari. Nasoma stashahada ya afya ya mazingira. Darasani tumefundishwa kwamba mwaka 1854 Daktari John Snow wa London alichora ramani ya vifo vya kipindupindu, akaona vimezunguka pampu moja ya maji, mkono wa pampu ukang'olewa, ugonjwa ukaisha. Nashindwa kuridhika. Mtaa wenyewe ulibanana, familia nzima ikilala chumba kimoja, vyoo viko chini ya nyumba, harufu kila kona, na hakuna aliyejua habari za vimelea. Vifo vikizunguka pampu, si vimezunguka pia kila kitu kilichokuwa jirani na pampu hiyo? Alijuaje ni maji?

Marahaba, mdogo wangu. Shaka yako ni ya haki. Wakubwa wa afya wa London walikuwa nayo hiyohiyo, na hata walipomaliza uchunguzi wao hawakuikubali hoja ya maji. Ramani peke yake isingewashinda. Hadithi uliyofundishwa imefupishwa mno, na kilichokatwa ndicho hasa unachokihitaji wewe unayekwenda kufuatilia magonjwa mitaani: daftari la vifo, kugonga milango, na kuwatafuta watu wa aina mbili, waliokufa wakati wanaishi mbali na balaa, na waliobaki wazima wakati majirani zao pande zote wanazikwa.

Kwanza mtaa wenyewe. Soho iko katikati ya London. Zamani lilikuwa eneo la wenye mali. Walipohama, majumba yao yakagawanywa chumba kimoja kimoja na kupangishwa mafundi cherehani, washona viatu na vibarua pamoja na familia zao. Kwa sensa ya 1851, kata ya Berwick Street iliongoza London nzima kwa msongamano: watu 432 katika ekari moja. Majitaka ya nyumba nyingi yaliishia kwenye mashimo ya matofali chini ya nyumba au mbele yake, na mashimo hayo hayakuzibuliwa kila yalipojaa. Maji ya kampuni yalikuja kwa mabomba kwa saa chache tu, kwa hiyo watu walitegemea pampu za barabarani, zilizokuwa bure. Pampu ya Broad Street, ndiyo hiyo uliyofundishwa, ilikuwa na sifa. Maji yake yalikuwa baridi na maangavu, na wako waliopita pampu iliyo mlangoni kwao ili wakachote pale.

Mlipuko ulianza tarehe 31 Agosti 1854. Jedwali la Snow la watu waliokuja kufa linaonyesha siku walipoanza kuugua: 56 tarehe 31 Agosti, 143 tarehe 1 Septemba, 116 tarehe 2, kisha 54 tarehe 3. Idadi ikaendelea kushuka. Tazama umbo la takwimu hizo. Ugonjwa unaotoka kwa mtu kwenda kwa mtu hupanda polepole na kuja kwa mawimbi. Huu ulipaa kwa siku moja na kuporomoka, dalili kwamba watu wengi waliukuta mahali pamoja, wakati mmoja. Leo mwanafunzi yeyote wa epidemiolojia, yaani elimu ya jinsi magonjwa yanavyoenea, angeliona hilo. Lakini umbo hilo halisemi mahali penyewe ni wapi, wala halisemi ugonjwa uliingia kwa njia gani. Mwenye kuamini hewa chafu angekwambia kwamba wingu la sumu lilitua juu ya Soho usiku ule, na takwimu zisingembishia.

Hewa chafu ndiyo iliyokuwa imani ya wasomi. Harufu ya uozo, walisema, hubeba ugonjwa, na mtu huuvuta kwa pua. Imani hiyo haikuwa ya kipumbavu, maana mitaa yenye harufu mbaya kweli ndiyo iliyokuwa na vifo vingi. Snow aliipinga tangu 1849, na sababu zake zilitoka kwenye kazi yake. Alikuwa bingwa wa nusukaputi, ndiye aliyempa Malkia Victoria klorofomu wakati wa kujifungua mwaka 1853. Mtu aliyepima kila siku jinsi mvuke unavyosambaa na kupungua nguvu hewani haamini kirahisi kwamba mvuke uleule unaweza kumuua mtu aliye mbali na kumwacha aliye karibu. Pia aliona kwamba kipindupindu huanza tumboni, kwa kuhara na kutapika, kabla ya homa yoyote. Akasema kinachoanza tumboni kimepita mdomoni. Kwa hiyo alipofika Broad Street alikuwa tayari na dhana. Alichokosa ni ushahidi ambao mtu asiyeamini angeushindwa.

Na hapa kuna jambo wanafunzi wengi hawaambiwi. Jioni ya tarehe 3 Septemba Snow alichukua maji ya pampu ile akayachunguza. Aliona uchafu mdogo sana, kiasi kwamba alisita kuhukumu. Maji yalikuwa maangavu. Kama angeishia kwenye kuyatazama, angeiachia pampu iendelee kuua. Wakati uleule, mwaka huohuo 1854, Filippo Pacini wa Italia alikuwa amekiona kimelea cha kipindupindu kwa darubini, lakini karibu hakuna aliyemsikiliza. Hadi Robert Koch alipokichunguza Misri na India miaka ya 1883 na 1884, dunia iliishi bila kipimo cha maabara cha ugonjwa huu.

Alipokwama kwenye maji, Snow alikwenda kwenye karatasi. Tangu 1 Julai 1837 kila kifo katika England na Wales kilikuwa kikisajiliwa, pamoja na tarehe, umri, kazi ya marehemu, mahali alipofia na sababu ya kifo. Katika ofisi kuu ya usajili alikuwepo mtakwimu William Farr, aliyehakikisha kwamba sababu za vifo zinaandikwa kwa majina yanayolingana na kuchapishwa kila wiki. Naomba usipite haraka hapa. Bila kazi ya makarani wale kusingekuwa na kisa cha Broad Street cha kusimulia. Daktari anaweza kuwa na akili ya ajabu, lakini kama vifo vya mtaa havina tarehe na anwani, atakachobaki nacho ni vilio na uvumi.

Snow aliomba orodha ya wiki iliyoishia tarehe 2 Septemba. Ilikuwa na vifo 89 vya kipindupindu katika kata tatu za eneo lile. Sita vilitokea siku nne za mwanzo wa wiki, vinne siku ya Alhamisi, na 79 Ijumaa na Jumamosi. Akavitenga vile 83 vya siku tatu za mwisho, akaenda na orodha mkononi kugonga milango. Vifo 73 kati ya hivyo vilitokea katika nyumba zilizokuwa karibu zaidi na pampu ya Broad Street kuliko pampu nyingine. Katika vifo hivyo 73, ndugu wa marehemu 61 walisema marehemu alikunywa maji ya pampu ile, ama kila siku ama mara mojamoja. Sita walisema hakuyanywa. Wengine sita hapakuwa na wa kumuuliza, kwa sababu waliowajua walikuwa wamekufa au wamehama.

Mpaka hapo, shaka yako bado ina nguvu. Wanaoishi karibu na pampu hunywa maji ya pampu, na pia huvuta hewa ya pale, hununua nyama pale, hukanyaga uchafu wa pale. Basi tazama alichofanya na vile vifo kumi vilivyobaki, vya watu waliokaa karibu na pampu nyingine. Mtu mvivu angeviacha, angesema kumi katika 83 ni kidogo. Snow alivifuata vyote. Familia tano zilimweleza kwamba walikuwa wakituma watu Broad Street makusudi kwa sababu waliyapenda maji yake. Marehemu watatu walikuwa watoto waliosoma shule iliyo jirani na pampu ile. Wawili ilijulikana kwamba waliyanywa, na wa tatu wazazi wake walidhani naye aliyanywa. Wawili tu wakabaki bila maelezo, idadi ambayo ilikuwa sawa na vifo vya kawaida vya eneo hilo kabla ya mlipuko.

Mwenye kipande cha karatasi chenye mambo yanayopingana na wazo lake mara nyingi hukikunja na kukitia mfukoni. Snow alikifungua na kukisoma mstari kwa mstari, na kila mstari ukamrudisha kwenye maji.

Kisha akawageukia walio hai, na hapa ndipo ninapomheshimu zaidi. Katika Poland Street, karibu na kiini cha mlipuko, palikuwa na nyumba ya kuwahifadhi mafukara yenye watu 535. Ilizungukwa na nyumba zenye misiba karibu pande zote. Kama hewa ndiyo iliyoua, mafukara wale, wengi wao wazee na wagonjwa, wangekufa kwa wingi. Snow alikadiria kwamba kwa kiwango cha vifo cha mitaa iliyowazunguka wangekufa zaidi ya 100. Walikufa watano. Alipouliza wanakunywa maji gani, aliambiwa wana kisima chao ndani ya uzio, na mengine huletwa na kampuni. Hawakuwa wakituma mtu Broad Street.

Kiwanda cha bia cha bwana Huggins kilikuwa Broad Street penyewe. Wafanyakazi zaidi ya 70, hakuna aliyekufa kwa kipindupindu. Mwenye kiwanda alimweleza Snow kwamba wanaume wale hupewa posho ya bia, na aliamini kuwa hawanywi maji kabisa. Isitoshe, kiwanda kilikuwa na kisima chake kirefu. Kwenye mtaa huohuo palikuwa na kiwanda cha fataki za bunduki cha familia ya Eley, chenye wafanyakazi wapatao 200. Humo waliweka mapipa mawili ya maji ya pampu ili mwenye kiu anywe. Walikufa 18.

Linganisha viwanda hivyo viwili. Barabara ni moja, hewa ni moja, harufu ni moja, wote ni watu wa kazi za mikono. Kilichotofautiana ni kilichopita mdomoni. Jibu la swali lako linaanza hapa: ili kutenganisha maji na vitu vingine vyote vilivyo jirani na pampu, tafuta watu wanaoshiriki vile vitu vingine vyote lakini hawashiriki maji. Mtaa uliobanana, ambao wewe umeuona kama kikwazo, ndio uliompa Snow nafasi hiyo. Mahali ambapo watu wameenea mbalimbali, nyumba hutofautiana kwa mambo mengi kwa wakati mmoja. Soho ilikuwa na taasisi tatu zilizo jirani, kila moja na maji yake.

Bado kuna upande wa pili wa mizani: mtu anayeshiriki maji, lakini hashiriki mtaa. Huyo naye alipatikana. Mjane wa mwenye kile kiwanda cha fataki alikuwa amehamia Hampstead, nje ya moshi wa jiji, na alikuwa hajafika Broad Street kwa miezi mingi. Lakini aliyapenda maji ya pale, na gari la mizigo lililokwenda kila siku lilimpelekea chupa kubwa ya maji hayo. Chupa ya tarehe 31 Agosti aliinywa jioni ile na kesho yake. Ijumaa jioni akaanza kuhara, Jumamosi akafa. Mpwa wake aliyemtembelea alikunywa maji hayohayo, akarudi kwake Islington, mahali pa mwinuko, naye akaugua na kufa. Hampstead hapakuwa na kipindupindu wakati huo, wala huko alikoishi mpwa wake. Habari hii Snow aliipata kwa wana wa marehemu.

Mwingine ni bwana aliyetoka Brighton, mji wa pwani ulio mbali na London, kuja Poland Street baada ya kuitwa, maana nduguye anaumwa. Alipofika nduguye ameshakufa. Hakuuona mwili. Alikaa pale nyumbani dakika zipatazo 20, akala chakula kwa haraka, akanywa brandi iliyochanganywa na maji ya pampu ya Broad Street, akaondoka kwenda Pentonville, sehemu nyingine ya London. Jioni ya pili yake aliugua, na tarehe 3 Septemba akafa. Dakika 20 na bilauri moja. Ungekuwa wewe ndiye afisa afya, ungejua kumuuliza mwenyeji alichanganya brandi ile na maji ya wapi? Katika vilabu vya pombe maji yale yalichanganywa na vileo, katika migahawa yaliwekwa mezani, na maduka madogo yaliyatia unga wa sharubati yakawauzia watoto. Mama mmoja mwenye mgahawa alijua wateja wake tisa walikuwa wameshakufa ilipofika tarehe 6 Septemba. Kwa hiyo hata wale marehemu sita ambao ndugu walisema hawakunywa maji ya pampu, huenda waliyanywa bila wao kujua.

Jioni ya Alhamisi tarehe 7 Septemba Snow alikwenda mbele ya bodi ya parokia ya St James, maana siku hizo parokia ilisimamia pia huduma za mtaa, akaeleza haya. Kesho yake mkono wa pampu uling'olewa.

Je, ndio uliomaliza ugonjwa? Rudi kwenye jedwali. Tarehe 1 Septemba waliougua na kuja kufa ni 143. Tarehe 7, kabla mkono haujang'olewa, walikuwa 28, na tarehe 8 walikuwa 12. Mlipuko ulikuwa umeshashuka, kwa sababu wakazi wengi walikuwa wamekimbia mtaa. Snow mwenyewe aliandika wazi kwamba kwa sababu hiyo haiwezekani kuamua kama kisima kilikuwa bado na sumu siku ile au kilikuwa kimeshajisafisha. Mwalimu anayesema mkono ulipong'oka ugonjwa ukakoma anampa Snow ushindi ambao Snow hakuudai. Lakini usikimbilie kusema kwamba kuung'oa kulikuwa bure. Ngoja tumfikie kasisi.

Henry Whitehead alikuwa kasisi msaidizi wa kanisa la St Luke, Berwick Street. Alizika waumini wake wiki ile, aliwashika mikono wakifa, na alimwona Snow amekosea. Alikuwa amewaona wagonjwa waliokunywa maji mengi ya pampu ile wakapona. Parokia ilipounda kamati ya uchunguzi, aliingia akidhamiria kuonyesha kwamba hoja ya pampu si kweli. Alikuwa na kitu ambacho Snow hakuwa nacho: watu walimjua. Alirudi nyumba ileile tena na tena. Aliwatafuta waliohamia mitaa mingine. Na aliuliza swali ambalo Snow, aliyeanza na orodha ya marehemu, hakuwa ameliuliza kwa ukamilifu: wale ambao hawakuugua, walikunywa nini?

Kwa wakazi wa Broad Street aliopata habari zao, majibu yalikuwa haya. Waliokunywa maji ya pampu walikuwa 137, na 80 kati yao waliugua. Wasioyanywa walikuwa 297, na 20 tu ndio waliougua. Yaani katika wanywaji zaidi ya nusu, na katika wasiokunywa mmoja kati ya 15 hivi. Kama kuna takwimu moja ninayotaka uibebe kutoka kisa chote hiki, ni hiyo, kwa sababu ina pande zote nne: waliokunywa wakaugua, waliokunywa wasiugue, wasiokunywa wakaugua, wasiokunywa wasiugue. Mtu aliyekuja kupinga alihesabu kwa uaminifu, akashindwa na hesabu yake, akasema hivyo hadharani.

Whitehead ndiye pia aliyepata chanzo. Alipokuwa akipitia daftari la vifo kwa jambo jingine, jicho lake liliangukia kifo cha mtoto mchanga wa miezi mitano katika nyumba namba 40, Broad Street, iliyo mbele ya pampu yenyewe. Alikufa tarehe 2 Septemba, na sababu iliyoandikwa ni kudhoofika baada ya kuhara kulikoanza siku nne kabla. Hakuandikwa kipindupindu, ndiyo maana hakuwa kwenye orodha ya mtu yeyote. Lakini siku nne kabla ya tarehe 2 ni kabla ya mlipuko. Whitehead alikwenda kwa mama wa mtoto. Mama akamweleza kwamba aliloweka nepi kwenye ndoo, na maji yake mengine akayamwaga kwenye shimo la majitaka lililo mbele ya nyumba. Mwezi Aprili 1855 mpimaji Jehoshaphat York alilifukua shimo lile. Matofali yake yalikuwa yameoza na kulegea, na kati ya shimo na kisima cha pampu hapakufika hata mita moja. Udongo wa katikati ulikuwa umelowa uchafu.

Sasa rudi kwenye ule mkono wa pampu. Baba wa mtoto yule, polisi kwa kazi yake, alianza kuugua kipindupindu katika nyumba hiyohiyo tarehe 8 Septemba, siku ileile mkono ulipong'olewa. Aliishi hadi tarehe 19. Kwa siku zote hizo nyumba yenye shimo lililomwagiwa maji ya nepi ilikuwa na mgonjwa mwingine. Kama pampu ingekuwa inafanya kazi, na wakazi wakirejea majumbani, Soho ingeweza kuanza upya. Kwa maoni yangu hapo ndipo uamuzi wa bodi ulipookoa maisha, ingawa wajumbe wenyewe hawakujua ni kwa nini.

Kuna kazi nyingine ya Snow ambayo naiona kubwa kuliko ya Soho. Mlipuko wa Soho ulimkatiza akiwa katikati ya kazi hiyo. Kusini mwa mto Thames, kampuni mbili za maji zilikuwa zimelaza mabomba mitaa ileile, nyumba hii imeunganishwa huku, jirani yake kule. Kampuni ya Southwark and Vauxhall ilivuta maji ya mto ndani ya jiji, pale Battersea, yakiwa na majitaka ya London. Kampuni ya Lambeth ilikuwa imehamisha mdomo wa bomba lake mwaka 1852 hadi Thames Ditton, juu ya jiji. Snow alikwenda mlango kwa mlango kuuliza maji ya marehemu yalitoka kampuni gani. Wapangaji wengi hawakujua, maana bili hulipwa na mwenye nyumba. Hali hiyo wewe na mimi tunaijua. Akabuni njia: alichukua chupa ya maji kutoka nyumba hizo akayatia nitrati ya fedha, ambayo hugeuka nyeupe kwenye chumvi. Maji ya Battersea yalikuwa na chumvi karibu mara 40 ya yale ya Thames Ditton. Katika wiki saba za mwanzo za mlipuko wa 1854, nyumba za Southwark and Vauxhall zilipata vifo 315 kwa kila nyumba 10,000, na za Lambeth vifo 37. Kwingine kote London vilikuwa 59.

Farr, mtakwimu, mwanzoni aliamini kwamba mwinuko wa ardhi juu ya mto ndio unaokinga. Kipindupindu kiliporudi mwaka 1866 na kuua zaidi ya watu 5,500 mashariki mwa London, daftari lake lilimwonyesha vifo vimejazana ndani ya eneo la kampuni moja ya maji. Kampuni iliapa kwamba kila tone limechujwa. Wateja wakaonyesha samaki aina ya mkunga waliotoka kwenye mabomba yao. Snow hakuyaona hayo, alikuwa amefariki mwaka 1858 akiwa na miaka 45.

Na kwetu? Miaka michache baadaye James Christie, Mskoti aliyekuwa daktari wa Sultani wa Zanzibar, aliishuhudia Zanzibar ikipigwa na kipindupindu cha 1869 na 1870. Hakuwa na ofisi ya usajili wa kumpa orodha. Aliwauliza wafanyabiashara na watu wa misafara: mlikutana na ugonjwa wapi, mwezi gani, mlitoka njia ipi. Kwa majibu yao alirudi nyuma hatua kwa hatua, kutoka mjini hadi Pangani, kutoka Pangani hadi nchi ya Wamasai, na kutoka huko kuelekea kaskazini hadi njia za Bahari ya Shamu. Kitabu chake cha 1876 kinapitia milipuko ya pwani yetu tangu ule wa 1821. Pasipo daftari, alifanya kumbukumbu za wasafiri kuwa daftari. Ukipangiwa kituo ambako vifo vingi haviandikwi, mkumbuke.

Nimalizie na ramani, maana ndiyo uliyoanza nayo. Snow hakuitumia kugundua. Aliionyesha wataalamu wenzake Desemba 1854, miezi mitatu baada ya kusimama mbele ya bodi. Kila kifo ni kijistari cheusi, vimepangwa kimoja juu ya kingine mbele ya nyumba husika, na pampu 13 zimewekwa alama. Kabla yake mhandisi Edmund Cooper wa tume ya mifereji alikuwa ameshachora ramani ya vifo vilevile, kuchunguza uvumi kwamba mifereji mipya imefukua makaburi ya tauni ya 1665. Alikuwa na vifo vilevile, mtaa uleule, na pampu haikumwambia kitu, kwa sababu hakuwa ameuliza watu wanakunywa wapi.

Toleo la pili la ramani ya Snow, lililotoka kwenye ripoti ya kamati ya parokia, lina kitu ambacho ningependa ukiige. Alichora mstari unaopita pale ambapo mtu akitembea kwa miguu umbali wa kufika pampu ya Broad Street ni sawa na wa kufika pampu nyingine ya karibu. Alipima kwa njia za mtaani, kona na vichochoro, hakunyoosha rula. Vifo vinapungua sana ukikaribia mstari huo, na nje yake vinakaribia kwisha. Simu yako leo itakuchorea duara kuzunguka kisima kwa sekunde, na duara hilo litakudanganya palipo na ukuta, reli au mtaro usiovukika. Pita wewe na njia anayopita mwenye ndoo. Muulize anachota wapi bomba linapokauka, mtoto anakunywa nini shuleni, na barafu ya mama anayeuza juisi kituoni inatengenezwa kwa maji gani. Kisha gonga mlango wa pili, ambako hakuna aliyeugua, uulize hayohayo.